Karani wa Mwilini

Nyama, damu na ubongo wa kila mnyama vina protini, nazo protini karibu zote zaundwa kwa asidi amino za namna 20. Mwaka 1955, huko Boston, Marekani, Mahlon Hoagland alisaga ini la panya, akavumbua humo vimeng'enya vinavyozipa asidi hizo nguvu ya kuungana. Baadaye ikajulikana kwamba kila kimeng'enya huchagua asidi yake, kisha huipakia juu ya mchukuzi wake, kama karani agawiavyo wapagazi mizigo.

Lakini twajuaje kwamba kuchagua huko ni jambo kubwa? Mwaka 2006, huko huko Marekani, ilitangazwa habari ya panya wadogo wenye manyoya yaliyogandana. Kimeng'enya chao cha alanini kilipungukiwa na uwezo wa kuiondoa serini iliyopakiwa kwa kosa, maana asidi hizo mbili zafanana mno. Upungufu wenyewe ulikuwa haba, hata twastaajabu. Walakini protini zilikunjika vibaya, seli za ubongo zinazotawala mwendo zikafa, na panya wale wakatetemeka na kupepesuka.