KUMUPOKEA MUFUNGWA ANAYERUDI

Baba Padri, wazee, wamama na vijana wa Kituku,

Siku ya 26 Desemba 2024, Papa Fransisko alifungua Mulango Mutakatifu katika gereza la Rebibbia, kule Roma. Mwezi moja nyuma, siku ya 27 Januari 2025, vita vilipoingia Goma, milango ya gereza letu la Munzenze ilivunjwa. Lilijengwa kwa watu 350 hivi, nalo lilikuwa na zaidi ya 3,000, wengi wakingali wakingoja hukumu. Wanaume kwa maelfu walitoroka. Wanawake wengi walikufa motoni pamoja na watoto wao. Tuwakumbuke.

Ndugu wapendwa, yule aliyetoka akiwa muzima anarudi kwa nani? Sisi tunamuita mwizi mpaka kufa.

Kumupokea si kufunika kosa. Wazee wetu walikaa barazani: mukosaji aliungama mbele ya aliyekosewa, akalipa alichoharibu, kisha wakala pamoja. Aliyekosewa asikiwe wa kwanza, wala tusimusukume kusamehe mbio. Lakini mukosaji asiye na kazi atalipa na nini? Hapa kwetu mashua zinaleta makala na ndizi, na kazi ya kupakua iko. Shirika limuombee nafasi kati ya wabebaji, limusimamie mpaka deni liishe.

Basi, kila shirika lichague watu wawili, baba moja na mama moja, wa kusikiliza pande zote mbili. Tuanze juma hili.