Walijitafutia, lakini kelele hawakuacha



Kila mara tunapodai umeme, maji na kazi, kuna mkubwa anatujibu: "Mujitafutie, muache kelele." Leo tunawaletea habari ya Wakongomani ambao walijitafutia kweli, lakini kelele hawakuacha.

Ni kundi Konono No. 1, la Kinshasa. Mzee Mawangu Mingiedi alilianzisha katika miaka ya 1960. Alikuwa Muzombo, watu wa kando ya mpaka wa Angola, na alipiga likembe, kile chombo cha vyuma vyembamba kinachochezwa na vidole gumba. Kijijini likembe inasikika vizuri. Kinshasa, kati ya magari na baa, nani ataisikia? Basi wakatengeneza mikro kwa sumaku walizotoa katika vyuma vya magari mabovu, wakapitisha sauti katika vipaza sauti vikubwa. Ikatoka inakwaruza, inanguruma. Hawakuionea haya. Wakaifanya kuwa yao.

Walirekodiwa mwaka wa 1978. Albamu yao Congotronics ikatoka mwaka wa 2004, tena kule Ubelgiji. Mwaka ule ule The Ex, kundi la punk la Uholanzi, likatoa wimbo uliojengwa juu ya muziki wao. Mwaka wa 2007 Björk, mwimbaji wa Iceland, akawashirikisha katika Earth Intruders. Wapenzi wa rok ya kelele kule Ulaya na Marekani wakapata walimu, na walimu hao wanaimba Kikongo.

Sasa musituelewe vibaya. Hatusemi: muone, hata bila kitu mutaweza. Hiyo ni Artikle 15, ile sheria isiyoandikwa popote yenye kusema kila mtu ajipange. Sisi wenye diploma ndani ya sanduku tunaijua kwa kichwa. Chuma cha gari bovu kinaonyesha akili ya raia, lakini hakilipi deni la serkali. Kipaji cha Konono kilikuwapo tangu zamani. Kilichokosekana ni inchi ya kukibeba. Mzee Mingiedi alifariki mwaka wa 2015. Ni wangapi kama yeye wamezikwa bila kurekodiwa hata siku moja?

Kwa hiyo tunadai umeme katika kata zetu, nyumba za vijana zenye vyombo, na kazi kwa wenye kusoma na wasiosoma. Tunadai bila vurugu, na megafoni zetu zinazokwaruza.

Mtu akiwaambia tunapiga kelele, mumujibu: ndiyo, juu tulisema polepole na hamukusikia.