Michango ya Harusi na Shinikizo la Kufanana na Jirani

Mada kwa semina ya viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa, Dar es Salaam

1. Utangulizi



Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haidai makubwa: hiari ya wanaooana, taarifa ya siku 21, mfungishaji anayetambulika na mashahidi wawili. Hata mahari yasipolipwa, ndoa haibatiliki. Ukumbi, MC na keki havimo. Lakini anayeishia kwenye masharti hayo tu, majirani huulizana amepatwa na nini. Nguvu hiyo inatoka wapi?

2. Fahari si jambo geni

Ngoma ya beni ilichipuka pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea Tanganyika. Wana-Marini na wana-Arinoti, wafuasi wa vyama hasimu vya beni, walishindana kwa sare, gwaride na karamu. Ila wakati ule walioshindana ni vyama. Leo kila familia inabeba ushindani huo peke yake.

3. Mchango ni deni

Tumezoea kuwalaumu watu kwa kuiga, tukiwakumbusha kwamba ukimwiga tembo utapasuka msamba. Lawama hiyo haifiki kwenye mzizi. Mchango wa harusi ni deni lisilo na mkataba. Kamati huandika ahadi, katibu huzibandika kwenye kundi la WhatsApp, na kila mmoja anaona nani ametoa ngapi. Aliyekuchangia 100,000 leo, kesho huwezi kumpelekea 30,000. Kiwango cha chini cha kadi ya mtu mmoja na cha kadi ya wawili hupangwa na kamati, si na mfuko wako.

Halafu sherehe zimezaana: kitchen party, send-off, harusi yenyewe, na mwisho kuvunja kamati, ambako nako watu hula na kunywa. Kila moja ina sare yake. Mama lishe mwenye mtaji mdogo anaweza kualikwa kote huko msimu mmoja. Akikataa, hapotezi sherehe tu. Anapoteza watu watakaomsimamia siku ya msiba. Ndiyo maana anakopa, na sisi tukimnyima anakwenda kwa wakopeshaji wa “kausha damu”.

4. Mapendekezo

(a) Katiba za vikundi ziweke ukomo wa mikopo ya sherehe, uwe chini ya ule wa biashara na ada za shule.

(b) Wanachama wanaokaa kwenye kamati za harusi washauri orodha ya ahadi ibaki kwa mweka hazina, isibandikwe hadharani.

(c) Mchango wa msiba utenganishwe kabisa na wa harusi, ili anayekosa kuchangia harusi asitengwe siku ya shida.

(d) Wenye uwezo waanze wao. Harusi ndogo ya maskini husomwa kuwa ni ufukara, na aibu yake humrudia mwenyewe. Mwenye nyumba ya ghorofa akimwoza binti yake kwa chakula cha mchana nyumbani, bila kadi za michango, hakuna atakayesema ameshindwa. Anawashushia kiwango majirani wote wanaomfuata. Wengi wetu humu ukumbini tuna nafasi hiyo. Naomba tuanzie mjadala hapo.