Mwalimu na Ngoma Isiyo ya Kwao



Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiweka ngoma ya isukuti, ya magharibi mwa Kenya, katika orodha ya urithi unaohitaji kuhifadhiwa kwa haraka. Sababu zilizotolewa zilikuwa wazi. Wajuzi wake wengi wamekwisha kuzeeka, hawana wa kuwarithi, na fedha za kutengenezea ngoma na mavazi ni haba. Lakini isukuti si ngoma iliyofichika. Watoto wa shule wameicheza mbele ya waamuzi katika Tamasha la Muziki la Kenya, tamasha lililoanza mwaka 1927. Yawezekanaje basi ngoma inayoshangiliwa jukwaani ikawa hatarini kupotea?

Kwa maoni yetu, jibu haliko kwa watoto. Liko kwa mwalimu, na kwa namna yeye mwenyewe alivyofundishwa kufundisha ngoma.

Isukuti ni mali ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega. Jina lake limetokana na ngoma zinazopigwa, ambazo huwa tatu kwa pamoja, kubwa, ya wastani na ndogo, zikisindikizwa na pembe la swala na vyuma vya kutikisa. Mwimbishaji mmoja huongoza, akiyapatanisha maneno yake na mapigo ya ngoma na hatua za wachezaji. Wanaume wana safu yao na wanawake yao. Huchezwa mtoto anapozaliwa, jandoni, arusini, matangani, hata kwenye mashindano ya michezo. Kwa hiyo anayeijua isukuti hajui hatua peke yake. Anajua pia ni wimbo gani unaofaa msibani na upi ni aibu kuuimba huko.

Sasa tumfikirie mwalimu kijana aliyezaliwa Nyeri au Lamu, akapangiwa shule ya Kakamega. Chuoni alisoma nota na nyimbo za kwaya. Mwalimu mkuu anamkabidhi kundi la ngoma, na tamasha limekaribia. Atafanya nini? Atamwita fundi wa kijijini, naye fundi atawakaririsha watoto wimbo mmoja na hatua zake, kwa kipimo cha dakika chache walizopewa. Wakishinda, kikombe kitawekwa kabatini ofisini. Fundi atapewa nauli na shukrani, na mwaka ujao ataitwa tena. Siku atakapokuwa hawezi tena kuja, shule itabaki na kikombe, kwa maana mwalimu alikuwa pembeni akishika saa.

Hatusemi kwamba mashindano ni mabaya. Bila ya tamasha hilo huenda ngoma nyingi zisingeonekana kabisa shuleni. Mfumo wa elimu wa mwaka 1985 uliuingiza muziki katika masomo ya shule ya msingi ya Kenya na ukautahini. Baadaye ulipoondolewa kwenye mtihani wa mwisho, kila aliyepata kuwa mwalimu anajua somo lisilotahiniwa huishia wapi. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutumika nchi nzima kwa madarasa ya chini Januari 2019, umezipa sanaa nafasi upya. Nafasi katika mtaala, hata hivyo, haichezi ngoma.

Kufundisha ngoma kuna fani yake, na wala si sawa na kujua kuicheza. Mtoto wa kijijini huipata kwa miaka, akiwa mgongoni mwa mama, kisha pembeni mwa uwanja, kisha ndani. Darasani kuna nusu saa au zaidi kidogo. Mwalimu hana budi kuifumua ngoma na kuifuma tena: makofi kwanza, mapigo yatamkwe kwa mdomo, miguu ifuate, mabega yaje baadaye, wimbo uingie, hatimaye mtoto mmoja apewe kuongoza na wenzake wamwitikie. Asiyekubali kwanza kuwa mwanafunzi wa wenye ngoma hawezi kujua ni uzi upi akiukata nguo yote inafumuka.

Sisi Watanzania tusilitazame jambo hili kama la jirani. Mwalimu Nyerere, alipounda wizara ya utamaduni mwaka 1962, alisikitikia wasomi waliolijua dansi la Kizungu na wasiijue gombe sugu wala lele mama. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na kimelea wasanii hodari. Lakini mwalimu wa kawaida wa shule ya msingi hapitii Bagamoyo.

Vyuo vya ualimu, vya huko na vya kwetu, vina majuma ya mazoezi ya kufundisha. Baadhi ya majuma hayo mwalimu mwanafunzi angeweza kuyatumia kwa wenye ngoma wa mahali alipo, akipiga, akikosea na kusahihishwa, na mzee anayemfundisha awe na sauti katika alama zake. Malipo ya mzee huyo yasiwe nauli. Yaandikwe katika makisio ya chuo, pamoja na bei ya ngozi za kuwambia ngoma.