Jiko la mkaa lilale nje

Ndugu wanakisomo,

Mvua zikinyesha, upepo wa ziwani huleta baridi. Hapo baadhi yetu huchukua jiko la mkaa, huliingiza chumbani, hufunga mlango na dirisha, kisha hulala. Husema, "Halina moshi tena." Ndugu zangu, jiko hilo linaua.

Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu. Hewa hiyo haionekani wala hainuki. Katika chumba kilichofungwa huingia kwenye damu na kuzuia hewa safi. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika na kulegea. Aliyelala huenda asiamke tena.

Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua mlango na umtoe nje haraka. Usikae humo ndani. Mpelekeni zahanati, hata kama amezinduka.

Sasa tuingie jikoni. Mama anasonga ugali wa muhogo kwenye mafiga, mtoto yuko mgongoni. Moshi unaomtoa mama machozi ndio huo huo anaouvuta mtoto. Huleta nimonia kwa watoto, na maradhi ya mapafu na moyo kwa wakubwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia. Lengo ni kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 waitumie. Lakini mwenye kuni asikae akingoja gesi. Leo hii tunaweza:

1. Kuwasha jiko la mkaa nje, na kuliacha lilale nje.
2. Kukausha kuni. Kuni mbichi zina moshi mwingi.
3. Kuloweka maharage usiku na kufunika chungu, ili moto uwake muda mfupi.
4. Kutoboa madirisha mawili jikoni yanayotazamana, ili upepo upite.
5. Kuweka koroboi mbali na chandarua na watoto.

Akina baba, kutoboa dirisha si kazi ya mama peke yake. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wazee wetu walisikiliza redio na kusoma kwa vikundi, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Kusoma kwao kulionekana kwa macho.

Je, kwetu ni nani atakayetoboa dirisha la kwanza?