Mwenye Kiatu Hatukumjua: Mambo ya Mwanzo Kuhusu Dini ya Kihindu

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa Hadado, Wajir Magharibi, mbele ya walimu, vijana, akina mama na wafanyabiashara wa mifugo. Tunayachapa hapa ili nao ambao hawakuwepo wayasome na kuyajadili.)



Kuna methali ambayo wote tuliosoma shule tumeikariri: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Mwanafunzi akiulizwa maana yake anajibu upesi kwamba hata mtu usiyempenda anaweza kuwa na kitu cha kukufaa. Sawa, atapewa alama zake. Lakini ni nani kati yetu aliyemwuliza mwalimu: huyu Baniani ni nani, na ubaya wake ni upi? Basi, Baniani ni jina ambalo watu wa pwani waliwapa wafanyabiashara Wahindu waliotoka Gujarati, upande wa magharibi wa India. Neno lenyewe limetokana na jina la jamii ya wachuuzi huko kwao. Sisi tukachukua jina, tukachukua na lawama, kiatu tukakivaa. Mwenye kiatu hatukumjua.

Mtu atasema: hapa Hadado hakuna hekalu la Wahindu, sasa mafunzo haya ni ya nini? Nina majibu mawili.

La kwanza, vijana wetu wanatoka. Wanakwenda Nairobi na Mombasa kutafuta kazi, na wengine wataajiriwa katika maduka, maghala na viwanda ambavyo wenyewe ni Wahindu. Wengine watakaa nao darasa moja chuoni. Ni afadhali kijana aende akijua neno moja au mawili ya kweli kuliko kwenda na uvumi.

La pili ni zito zaidi. Sisi wa kaskazini tumeona mwisho wa kufundisha watu kwamba mtu wa dini nyingine si mtu. Tarehe 22 Novemba 2014, kule Mandera, abiria wa basi walitenganishwa kwa dini na watu 28 wakauawa. Tarehe 2 Aprili 2015 waliuawa watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Lakini pia tumeona jambo jingine. Desemba 2015, karibu na El Wak, basi lilisimamishwa tena, na abiria Waislamu wakakataa kutenganishwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, na Januari 2016 akafariki. Njia hizo mbili ziko mbele ya kila kijana aliyeketi hapa. Kumjua jirani ni hatua ya kwanza katika njia ile ya mwalimu Salah.

Sasa tuingie kwenye somo lenyewe, pole pole.

1. Mhindi si lazima awe Mhindu

Mhindi ni mtu ambaye asili yake ni India. Mhindu ni mtu wa dini ya Kihindu. Tusichanganye. Kuna Wahindi Waislamu, kama Waismaili na Mabohora. Kuna Masingasinga wenye vilemba, ambao dini yao ni ya peke yake. Kuna Wajaini. Kuna Wagoa, ambao wengi wao ni Wakatoliki. Mtu anayewaona wote kuwa kitu kimoja ni kama mtu wa bara anayefika Wajir akadhani Wasomali wote ni ukoo mmoja. Ninyi mnacheka, lakini yeye hajui.

Reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu ilipojengwa, kati ya 1896 na 1901, waliletwa wafanyakazi zaidi ya 31,000 kutoka India. Karibu 2,500 walikufa. Wengi wa waliobaki hai walirudi kwao, na karibu 6,700 wakakaa huku. Walikuwamo Waislamu, Masingasinga na Wahindu. Wafanyabiashara nao wakaja, wakafungua maduka hata mahali pasipo na barabara. Islii, ambako leo kila mtu wa Hadado ana ndugu, zamani ulikuwa mtaa wa Wahindi wengi.

Lugha yetu imebeba alama zao. Tukisema pesa, gari, chapati au laki, tunatumia maneno yaliyotoka India. Kwa idadi wao ni wachache. Katika hesabu ya watu ya 2019, Wahindu wa Kenya walikuwa 60,287, yaani kama mtu mmoja katika kila watu 800. Lakini duniani wanapita bilioni moja.

2. Dini isiyo na mwanzilishi mmoja

Ukiuliza dini hii ilianzishwa na nani, hutapata jina. Hakuna mtu mmoja, wala mwaka mmoja. Hata neno Hindu lilianza kama jina la mahali. Lilitokana na Sindhu, mto mkubwa ambao leo unapita Pakistan. Wenyewe wengi huiita Sanatana Dharma, yaani njia au wajibu wa milele.

Maandiko yao ya zamani kabisa ni Veda, na ziko nne. Kwa karne nyingi hazikuandikwa. Walimu walizikariri kwa lugha ya Kisanskriti na kuwafundisha wanafunzi neno kwa neno, sauti kwa sauti. Hapa kwenu hilo si jambo geni. Mtoto wa dugsi na ubao wake anajua kukariri ni kazi gani, na wazee wenu wameyabeba mashairi ya mababu kichwani bila karatasi.

Baadaye zilikuja hadithi mbili ndefu, Ramayana na Mahabharata. Ndani ya Mahabharata kuna kitabu kidogo kiitwacho Bhagavad Gita, ambacho Wahindu wengi hukisoma nyumbani. Humo shujaa anaingiwa na hofu katika uwanja wa vita, kwa sababu anaopaswa kupigana nao ni jamaa zake, na anauliza wajibu wake ni upi.

3. Mungu mmoja au miungu mingi?

Hapa ndipo wageni wengi wanapokwama. Tunasikia majina: Vishnu, Shiva, Lakshmi, Ganesha mwenye kichwa cha tembo. Mtu anasema hawa wana miungu mia. Ukimwuliza Mhindu mwenyewe, mara nyingi atakwambia kwamba Ukweli wa juu kabisa ni mmoja, nao huitwa Brahman, na majina haya ni sura zake. Wengine watakujibu tofauti kidogo, kwa sababu Wahindu hawana baraza moja la kuamua imani ya wote.

Na sanamu je? Wao husema hawaabudu jiwe. Sanamu ikishawekwa wakfu, ni mahali pa kukutana na Mungu, na huheshimiwa kama mgeni mkubwa aliyefika nyumbani: kwa maua, chakula, na taa ambayo mara nyingi huwashwa kwa samli. Mkristo na Mwislamu hawatakubaliana nao katika hili, na mimi siwaombi mkubaliane. Ninaomba kitu kimoja tu: tukieleza imani ya mtu, tuieleze kama anavyoieleza yeye, halafu ndipo tuseme sisi tunaamini nini.

4. Matendo, kuzaliwa tena na ukombozi

Wahindu huamini kwamba ndani ya kila kiumbe kuna nafsi isiyokufa, nao huiita atma. Mwili unakufa, nafsi inaingia katika mwili mwingine. Maisha yajayo yanategemea matendo ya sasa. Hiyo ndiyo karma: ulichopanda utakivuna, kama si leo, basi katika maisha mengine. Lengo la mwisho ni moksha, kutoka katika mzunguko huo wa kuzaliwa na kufa. Njia ziko kadhaa: ibada na upendo kwa Mungu, matendo bila kutafuta faida, na elimu pamoja na kutafakari.

Hii ndiyo sababu wengi wao huchoma maiti badala ya kuzika. Mwili umemaliza kazi yake. Jambo hilo linatushtua, lakini Wakenya wasio Wahindu nao wamechagua hivyo. Askofu Mkuu mstaafu wa Kianglikana, Manasses Kuria, alichomwa mwaka 2005, na Profesa Wangari Maathai mwaka 2011.

5. Ng'ombe

Najua wafanyabiashara wa mifugo walikuwa wanasubiri hapa. Kwa Mhindu, ng'ombe ni kama mama, kwa sababu humnyonyesha hata asiye mtoto wake. Wao hawasemi ng'ombe ndiye Mungu. Wanasema anastahili heshima na ulinzi. Hili linaingia katika fundisho la ahimsa, kutodhuru kiumbe. Ndiyo maana Wahindu wengi hawali nyama kabisa, ingawa wengine hula kuku, mbuzi au samaki. Ninyi mtauza ng'ombe wenu na kuchinja kama kawaida, hakuna anayewazuia. Lakini mfugaji aliyepita mwaka wa ukame, watoto wakaishi kwa maziwa ya mnyama mmoja aliyebaki, akitafakari kidogo hatalicheka fundisho hili.

6. Tusifiche yaliyo mabaya

Kusoma dini ya mtu si kuisifu tu. Huko India jamii ziligawanywa kwa daraja za kuzaliwa, na watu wa chini kabisa walizuiwa visima, mahekalu na ndoa. Katiba ya India ya 1950 ilipiga marufuku desturi ya kuwaona watu wengine kuwa najisi, lakini dharau hiyo haijaisha. Wahindu wenyewe wamekuwa wakipigana nayo. Kabla ya kuwanyoshea kidole, na sisi tujiulize: kwa nini koo za wahunzi na watengeneza ngozi hunyimwa mabinti? Je, hilo limeandikwa katika dini gani?

Na Mahatma Gandhi, aliyehubiri ahimsa maisha yake yote, aliuawa Januari 30, 1948, na Mhindu mwenzake aliyemwona ni mpole mno kwa Waislamu. Mwuaji na aliyeuawa walikuwa dini moja. Sasa, Uhindu utaupima kwa yupi? Jibu utakalotoa hapo ndilo utakalotaka mwingine atoe juu ya dini yako.

7. Sheria ya nchi na adabu ya mgeni

Kifungu cha 32 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu uhuru wa dini. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa ya Kihindu pamoja na ya Kikristo, ya Kiislamu, ya kiserikali na ya kimila. Diwali, sikukuu yao ya taa inayofika Oktoba au Novemba usiku usio na mwezi, ni likizo kwa Wahindu kisheria. Hata shuleni, somo la dini ya Kihindu limo katika mtaala wa Kenya.

Kijana ukienda kufanya kazi kwa Mhindu, shika haya:

(a) Mwulize kwanza kuhusu chakula. Usilete nyama jikoni mwake bila ruhusa.

(b) Vua viatu ukiingia hekaluni, na usiiguse sanamu.

(c) Ukipewa chakula kilichotolewa kwa ibada, na dini yako inakukataza, kataa kwa upole na ueleze sababu. Usikitupe.

(d) Wewe nawe eleza saa zako za sala na siku zako za kufunga. Heshima ni ya pande mbili. Mwajiri akikudhulumu mshahara, dai haki yako kisheria, lakini kosa lake usiliite dini yake.

Ndugu zangu, waswahili walisema usilolijua ni kama usiku wa giza. Hakuna aliyeombwa hapa kubadili dini yake. Atakayetoka hapa ni Mwislamu atoke Mwislamu, na Mkristo vivyo hivyo. Lakini mwalimu, wiki ijayo ukiifikia methali ile ya Baniani darasani, usimalizie kwenye kiatu. Waambie watoto mwenye kiatu ni nani.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Ni mambo gani mabaya tuliyosikia juu ya Wahindu, na nani alituambia?
2. Mtu asiyejua lolote angependa kuielewa dini yako, ungemwambia amwulize nani?
3. Ni desturi gani ya kudharau watu kwa kuzaliwa iliyobaki hapa kwetu, na tuanze wapi kuiondoa?