Akiba Isiyooza: Mahindi ya Chakula Nyumbani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika sherehe za Chama za kutimiza miaka kumi)



 Wenzetu waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za mizani, za bei na za hesabu za Chama. Sisi twaomba ruhusa kuwapeleka jikoni, kwa sababu safari ya mahindi haiishi ghalani. Huishia chunguni, na mlaji wa kwanza ni mtoto wa mkulima mwenyewe.

Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa mahindi, neno hilo ni kweli endapo tu yamekauka. Yakiwekwa na unyevu huota ukungu, na namna moja ya ukungu huo hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hiyo ilianza kujulikana mwaka 1960, batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga yaliyoharibika. Mwaka 2004 jirani zetu wa Makueni, Kitui na wilaya za karibu, nchini Kenya, walikula mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu majumbani. Watu 317 waliugua, na 125 kati yao wakafa. Mwaka 2016 msiba wa namna hiyo ulifika hapa kwetu Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Hao walikula sumu nyingi kwa muda mfupi. Lakini yule alaye kidogo kidogo miaka mingi naye hayuko salama, kwa maana sumu hii huleta saratani ya ini, na hatari huzidi sana kwa mwenye homa ya ini aina ya B. Kadhalika yahusishwa na kudumaa kwa watoto.

Yafaa tuseme wazi jambo ambalo akina mama wengi hawajaambiwa: moto wa jikoni hauiondoi sumu hii. Ugali uliosongwa ukaiva, uji uliochemka, makande yaliyopikwa toka asubuhi, vyote hubaki na sumu kama nafaka ilikuwa nayo. Haina harufu wala ladha ya kumwonya mpishi. Kuchambua na kutupa punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu au zilizobadilika rangi hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa, na kukoboa pia husaidia. Basi tuchambue kabla ya kwenda mashineni, maana unga huficha yote. Wala tusidhani kwamba mahindi mabovu yamfaa ng'ombe, kwa kuwa sumu humpitia na kutokea katika maziwa.

Ndugu wanachama, fedha za mauzo zikiingia, kila nyumba ina mahitaji yake. Mmoja hununua simu, mwingine bati, mwingine taa ya jua. Hatuwaonei choyo. Twaomba tu kwamba kabla ya hayo yote vinunuliwe vitu vitatu.

Cha kwanza ni turubai. Mahindi yaanikwayo juu ya udongo huokota ukungu papo hapo, na umande huyarudishia maji. Turubai huyatenga na ardhi, na mvua ikitishia hukunjwa upesi.

Cha pili ni chupa ya kioo yenye kifuniko, pamoja na chumvi kidogo. Chupa na chumvi viwe vikavu kabisa. Tia vijiko viwili au vitatu vya chumvi, ongeza mahindi hadi kama theluthi ya chupa, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha acha itulie robo saa. Chumvi ikigandama kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15 au karibu yake, na mahindi yarudi juani. Isipogandama, yamekaribia kufaa. Hata hivyo kipimo cha soko la Afrika Mashariki ni asilimia 13.5, kwa hiyo siku moja zaidi ya jua si hasara.

Cha tatu ni gunia lisilopitisha hewa, lenye mifuko miwili ya plastiki ndani yake. Lilibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani kwa ajili ya wakulima wa kunde wa Kameruni, mwishoni mwa miaka ya 1980. Likifungwa barabara, wadudu hukosa pumzi wakafa bila dawa. Lakini gunia halikaushi. Atiaye mahindi yenye unyevu humo amefungia ubaya ndani.

Sasa twageukia viongozi wetu, kwa heshima. Mizani hupima uzito, haipimi unyevu, na maji nayo yana uzito. Mkulima aliyekausha vema hupata kilo chache kuliko jirani yake aliyefanya haraka. Kama bei ni moja, tumemwadhibu mwangalifu. Twapendekeza kila chama cha msingi kiwe na kipima unyevu kando ya mizani, na mahindi makavu yapewe bei iliyo bora. Pia tufikirie mahindi yanayokataliwa. Leo hurudi nyumbani na mwenyewe, nayo yasiyofaa sokoni huwa chakula cha watoto. Chama kiweke mpango wa kumsaidia mwanachama wa namna hiyo kupata nafaka njema kwa mkopo, ili asilazimike kula alichokataliwa.

Miaka kumi iliyopita tuliungana ili jasho letu lisipunjwe. Na tuungane tena ili lisitudhuru mezani petu.